UZI: Mtoto huyasema yanayomsumbua, ila si lazima akuambie wewe

Mwalimu wa Awali, Tandahimba:

Salaam kwenu wanajukwaa.

Kila muhula unapoanza hawakosekani wazazi wanaonifuata mlangoni mwa darasa na lalamiko lilelile: "Mwalimu, huyu mtoto wangu hasemi. Ukimwuliza una nini, anakutazama tu." Nimefundisha darasa la awali huku Tandahimba kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo juu ya jambo hili, na msimamo wangu ni kwamba mtoto asiyesema ni nadra mno. Wengi husema, tena mapema kuliko tunavyodhani, isipokuwa husema kwa tumbo, kwa sahani ya ugali aliyoisukuma, kwa mchezo anaoucheza nyuma ya nyumba, na kwa bibi yake. Sisi tunaongoja sentensi iliyonyooka, na isipokuja tunamwita bubu.

Naomba nianze na mtoto mchanga, kwa sababu huko ndiko kulikochunguzwa kwa makini. Mtoto huzaliwa akijua kulia, lakini karibu na mwisho wa mwezi wa pili huwa anatabasamu akiutazama uso wa mtu, na hilo si tabasamu la usingizini bali la kujibu. Kufikia mwezi wa nane au wa tisa wengi huanza kuogopa wageni. Shangazi anatoka Dar es Salaam na zawadi zake, anamnyooshea mtoto mikono, na mtoto anajificha begani kwa mama na kuangua kilio. Hapo ndipo maneno huanza, kwamba mama mtu amemfundisha mtoto kuwachukia mawifi. Hakufundishwa na mtu, ni umri wake tu. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani aitwaye Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha ghafla wautulize uso kabisa, wasicheke wala kukasirika, wawatazame tu. Watoto wa miezi michache walitabasamu ili kumrudisha mama mchezoni, wakatoa sauti za kumwita, wakanyoosha mikono, na walipoona hawajibiwi wakageuzia nyuso zao pembeni, wengine wakalia. Mtoto huyo hana neno hata moja kinywani, lakini ameshajua kwamba akimwonyesha mtu hisia yake, mtu huyo anapaswa kumjibu.

Wala si lazima twende Marekani. Mwaka 1954 na 1955 mama mmoja mtafiti, Mary Ainsworth, alikuwa akizitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akikaa na akina mama wa Kiganda na kuangalia jinsi watoto wao wanavyotambaa kwenda mbali kidogo, wanavyogeuka kuhakikisha mama bado yupo, na wanavyomrudia wakiogopa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Mengi yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto kumtegemea mlezi yalianzia kwenye vyumba hivyo vya Waganda, na sijui kwa nini vyuoni kwetu hilo halitajwi kwa fahari.

Sasa nije kwenye umri ninaokutana nao darasani, miaka mitano na sita. Mtoto wa umri huu hununa, hususa, hudeka, hujikunyata pembeni. Anajua kutofautisha furaha na huzuni usoni kwa mwenzake, lakini hofu na aibu bado zinamchanganya, na akiulizwa kwa nini amempiga mwenzake anaweza kweli asijue. Huku kwetu juu, kwenye uwanda wa Makonde, kuna jambo la ziada: watoto wengi wamelelewa kwa Kimakonde mpaka siku ya kuja shuleni, kwa hiyo mwalimu anayemwuliza kwa Kiswahili sanifu kuhusu moyo wake anamwuliza jambo gumu kuliko yote kwa lugha ambayo bado anaitumia kuombea ruhusa ya kwenda chooni tu.

Nitatoa mfano mmoja. Ilikuwa msimu wa korosho, wakati ambao wazazi wengi huhamia kwenye vibanda vya shambani kuokota na kulinda, na watoto wa shule huachwa kwa jirani au kwa ndugu. Mvulana mmoja aliyekuwa mchangamfu alianza kukaa mlangoni mwa darasa, akawa haugusi uji, na yeyote aliyeusogelea mfuko wake wa madaftari alipata ngumi. Mama yake alipopita alisema ni ukaidi tu, na baba yake akasema tumpeleke kwa mkuu wa shule. Siku moja bibi yake mzaa mama akaja kumchukua. Walikuwa hawajafika hata kwenye mwembe pale nje nilipomsikia kijana akisema kwa sauti ya mtu mzima: "Mke wangu, mwanao siku hizi hanipendi. Ameniacha kwa watu, yeye analala na korosho zake." Bibi akamjibu hapohapo: "Mume wangu, na wewe umekaa kimya hivyo kama huna mke? Si ungeniita nije nikuchukue." Mtoto akacheka, kisha akalia sana, akiwa ameshika kanga ya bibi.

Angalieni alivyosema. Hakumkosea mama yake adabu, kwa sababu yalikuwa maneno ya utani wa mjukuu na bibi. Lalamiko ambalo lingehesabiwa kuwa ujeuri mbele ya baba, mbele ya bibi ni mzaha, na ndani ya mzaha huo lilikuwamo kila kitu tulichokuwa tukikitafuta mimi na wazazi wake: nani amemuumiza, kwa jambo gani, na anataka nini. Wazee wetu wa kusini walijua walichokuwa wakikifanya walipowapa babu na bibi nafasi hiyo. Mjomba naye ana nafasi yake, hasa kwa sisi tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama.

Jambo la mwisho kwa leo ni namna ya kuuliza. Katika adabu zetu mtoto anayeitwa, akasimamishwa mbele ya mkubwa na kuulizwa swali huku anatazamwa usoni, ni mtoto anayekaribia kuadhibiwa. Hatumruhusu hata kukodoa macho kwa mkubwa. Kwa hiyo ukimwita "njoo hapa, nitazame, una nini wewe?", yeye anasikia mashtaka, naye anafanya kama mshtakiwa yeyote, ananyamaza au anakana. Mtoto huyohuyo ukikaa naye ubavuni mnabangua korosho au mnachambua mboga, macho yenu yakiwa kwenye kazi, baada ya muda ataanza mwenyewe. Naomba michango yenu.

Mzee wa Nachingwea:

Mwalimu, nimekusoma vizuri, na hayo ya bibi na mjukuu ni kweli tupu. Lakini nina wasiwasi na mwelekeo wa mada hizi. Sisi tulilelewa kwa kuambiwa nyamaza, na tukanyamaza, na tumekuwa watu wazima wenye familia. Vijana wa siku hizi wanamwuliza mtoto kila saa, "Unajisikiaje, umekasirika, umehuzunika?" Mtoto anajifunza kwamba kila kinachopita moyoni mwake ni habari ya kutangazia nyumba nzima. Akinyimwa pipi analia hadi jioni kwa sababu ameshajua kilio chake kinaitishiwa kikao. Kuvumilia nako kunafundishwa, na kunafundishwa utotoni. Mtu asiyejua kuzuia machozi yake hawezi kukaa na watu. Na fimbo kidogo haijaua mtoto.

Muuguzi Mstaafu, Lindi:

Shikamoo Mzee, na pole Mwalimu kwa kazi. Nitazungumzia tumbo, maana Mwalimu amelitaja na kulipita.

Katika miaka yangu ya kazi kwenye vituo vya afya vya huku, malalamiko mengi ya watoto wa umri wa shule yalikuwa "tumbo linaniuma" na "kichwa kinaniuma". Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa, na bado ni hiyo, kwamba usimwambie mzazi kuwa ni mawazo kabla ya kuchunguza. Lindi na Mtwara ni mikoa ya malaria na ya kichocho. Kuna minyoo, kuna maambukizi ya njia ya mkojo. Mtoto anayekojoa damu, anayeamshwa na maumivu usiku, anayetapika, anayekonda au mwenye homa, huyo apelekwe hospitali, wala msiniletee habari za hisia.

Yuko mtoto mwingine ambaye vipimo vyote viko safi na tumbo bado linauma. Mwulizeni mama siku na saa. Linaanza Jumapili jioni, linakuwa kali Jumatatu alfajiri sare ikivaliwa, linapoa saa nne akiruhusiwa kubaki nyumbani, na Jumamosi halipo kabisa. Wazazi wengi wakifika hapo hucheka na kusema, "Kumbe ni mwongo." Si mwongo. Utumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na hofu hubana utumbo kweli, kama vile mtu mzima anavyoharisha siku ya usaili. Maumivu yale ni halisi, ila chanzo chake kiko kwenye njia ya kwenda shule, au kwa mtoto mkubwa anayemnyang'anya hela ya andazi, au nyumbani kwenu. Ukimchapa kwa uongo ambao hakuusema, umemwongezea sababu ya pili ya kuumwa.

Kukojoa kitandani pia kuna sura mbili. Mtoto wa miaka sita ambaye hajawahi kuacha, mara nyingi ni makuzi tu, na ataacha. Mtoto aliyekuwa amekwisha kuacha kwa muda mrefu kisha akarudia ghafla, huyo baada ya kupimwa mkojo na sukari, ulizeni nini kimebadilika nyumbani: mdogo wake amezaliwa, baba ameondoka, wamehama, au kuna mtu anamtisha. Kumtangaza kikojozi mbele ya wenzake kunamfunga mdomo moja kwa moja.

Na nimalizie na hili bila kuficha. Mtoto anayeanza kumwogopa mtu mmoja mahususi, anayekataa kubaki naye, au anayelalamika maumivu sehemu za siri, msifanye naye utafiti wa nyumbani. Nendeni hospitali, ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya simu ya watoto ya taifa na haitozwi, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kuchele:

Mada nzuri, ila mnasahau kitu kimoja. Bibi yuko Newala, sisi tuko Mtwara mjini, Chuno, chumba na sebule. Mjomba anaendesha lori la mizigo, tunamwona siku za sikukuu. Baba wa watoto ni mimi, natoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi wamelala. Mtoto wangu atamtania nani?

Mwalimu wa Awali, Tandahimba:

Mzee wangu, sikupingi kuhusu kuvumilia, na wala sikusema mtoto aulizwe kila saa. Nimesema kinyume chake, tuache kumhoji. Hata mimi naona kuna wazazi wanaomfuata mtoto na maswali mpaka anakimbilia chini ya kitanda.

Ninapokupinga ni pale unapochukua kunyamaza kuwa ndiko kuvumilia. Mtoto aliyechapwa kwa sababu amelia hajifunzi kutoumia. Anajifunza kutoonekana akiumia, na tofauti yake inaonekana darasani, kwa sababu huyo ndiye anayewang'ata wenzake mwalimu akigeukia ubao. Kwa habari ya fimbo, hata serikali haikuiacha holela: kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye, viboko visivyozidi vinne, navyo vinaandikwa kwenye daftari. Machozi hayamo kwenye makosa yanayostahili. Lakini utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na mwingi ulitoka kwa ndugu na walimu. Hapo hatuzungumzii tena fimbo kidogo.

Kuchele, swali lako ni gumu kuliko mada yangu yenyewe. Nitalirudia.

Msomaji wa Mikindani:

Naomba nichangie upande wa kuelewa, kwa sababu tunazungumza sana juu ya mtoto anavyosema na kidogo juu ya mkubwa anavyosoma.

Kuna imani iliyoenea kwamba uso hausemi uongo na kwamba nyuso za watu wote duniani zinasema lugha moja. Charles Darwin aliandika juu ya jambo hili mwaka 1872, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Paul Ekman alikwenda Papua New Guinea kwa watu wa Fore, waliokuwa na mawasiliano machache na wageni, akawasimulia visa vifupi na kuwaomba wachague picha ya uso unaolingana na kila kisa. Kutokana na kazi hiyo tukapata orodha inayobandikwa hadi leo kwenye kuta za madarasa ya awali: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na karaha.

Baadaye watafiti wengine, akiwamo Lisa Feldman Barrett, waliuliza kama jibu hilo halikutokana na namna ya kuuliza. Mtu akipewa kisa na picha mbili tatu za kuchagua, atachagua moja. Je, akipewa rundo la picha na kuambiwa azipange anavyoona mwenyewe? Walipofanya hivyo na Wahimba wa Namibia, katika utafiti uliotoka 2014, wengi walizieleza picha kwa matendo, kwamba huyu anacheka, huyu anatazama, badala ya kueleza kilichomo moyoni. Na hapahapa kwetu Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi nao walishirikishwa katika utafiti wa aina hiyo uliochapishwa 2020, na majibu yao hayakufuata kwa uhakika yale makundi sita. Mjadala haujafungwa, lakini mimi naegemea upande wa pili, kwa sababu ya ninayoyaona mtaani.

Mtoto wa pwani akikemewa mbele ya wageni anaweza kutabasamu. Nimeona mwalimu mgeni, aliyetoka mkoa mwingine, akimwongezea mtoto adhabu kwa tabasamu hilo, akidhani anadharauliwa, kumbe ni aibu na hofu ya mtoto aliyefunzwa kutokunja uso mbele ya mkubwa. Uso ni sehemu ndogo ya habari. Mama anayemjua mwanawe hasomi uso peke yake. Anasoma saa, anasoma nani yupo, anakumbuka jana ilikuwaje, anaona miguu inavyokokotwa. Ndiyo maana mtu wa nje, hata mwenye shahada, hukosea pale ambapo bibi asiyejua kusoma hapotei.

Na kwa Mzee wetu: kutaja hisia kwa jina si kuidekeza. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko California waliwaonyesha watu wazima picha za nyuso zenye hasira au hofu wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Walipotakiwa kuchagua neno la kuitaja hisia iliyomo usoni, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari ilipungua shughuli zake. Neno moja linatosha: "Umeogopa mbwa." Halihitaji kikao.

Mama Wawili, Lindi:

Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na nimeamua kuandika. Mume wangu alifariki kabla ya mfungo uliopita. Mwanangu wa kwanza ana miaka sita, mdogo wake ana mitatu. Siku ya msiba watoto walipelekwa nyumba ya jirani, na wazee wa upande wa mume waliamua waambiwe kwamba baba amesafiri kikazi, hadi watakapokuwa na akili. Mimi nilikuwa eda, sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Mkubwa hakulia hata siku moja, na watu walimsifu kwamba ana moyo wa kiume. Lakini sasa anampiga mdogo wake kwa jambo lolote. Kandambili za baba yake amezificha, ukizigusa anakuwa mkali. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yakipita barabarani anatoka nje kutazama, halafu anarudi na kukataa kula. Nikimwuliza ananiambia ameshiba. Hamwulizii baba yake kabisa, na hicho ndicho kinachonitisha. Nifanye nini, na nani amwambie? Wazee bado wanasema tusubiri.

Mzee wa Nachingwea:

Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu marehemu.

Kwako na kwa Mwalimu, naomba niongeze jambo kabla sijajibiwa tena kwa tafiti. Mimi nilipelekwa jandoni nikiwa mdogo. Mchana kulia ilikuwa aibu kubwa, na hapo Mwalimu angesema tulikuwa tunafundishwa kuficha. Lakini usiku kule kumbini kulikuwa na nyimbo. Tulimwimba ngariba na kisu chake, tukamtukana humo ndani ya wimbo bila kuguswa, tukawaimba mama zetu walioachwa kijijini, na wapo waliolia wakiimba na hakuna aliyewacheka, kwa sababu machozi ya wimbo hayakuhesabiwa. Mzee aliyetutunza alilala katikati yetu. Sasa watoto wengi wanatahiriwa hospitali, na ni salama zaidi, silikatai hilo. Mtoto anarudi nyumbani siku hiyohiyo na kuambiwa kaza moyo, basi. Wimbo hakuna, na wa kulala naye hakuna. Tuliambiwa nyamaza, ni kweli, ila tulipewa na mahali pa kusemea. Wajukuu zangu wameachiwa ile nyamaza peke yake.

Muuguzi Mstaafu, Lindi:

Mzee, hilo la mwisho naliunga mkono kabisa. Unyagoni nako mwali alikuwa na somo wake, yule mama wa kumfunda, wa kumwambia asiyoweza kumwambia mama.

Mama Wawili, pole dada yangu. Huyo mtoto anaomboleza, tena peke yake.

Mwalimu wa Awali, Tandahimba:

Mama Wawili, pole sana. Nitakujibu wewe kwanza.

Mwanao hakuulizi kwa sababu ameshaona kwamba swali hilo linawaumiza watu wazima. Watoto wa umri wake husikia mengi kupitia mlango: wamemsikia jirani akitoa pole, wamewaona watu na jeneza au wameona nyumba imejaa turubai na masufuria makubwa, na mtoto mwingine shuleni huenda ameshamwambia wazi. Sasa anabeba habari mbili zisizopatana, ya kwenu na ya mtaani, na hana wa kumwuliza ipi ni kweli. Kutoka kutazama basi ni namna yake ya kuihakiki ya kwenu.

Kati ya miaka mitano na saba watoto wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Kwa hiyo mkubwa wako anaweza kuelewa akiambiwa. Mdogo bado, naye atauliza leo, atauliza kesho, na kila mara ajibiwe vilevile bila kukaripiwa. Tumieni neno lenyewe, kwamba baba amekufa. Msiseme amelala, maana mtoto anaweza kuogopa kulala. Mwelezeni kwamba mwili wa baba uliacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na hawezi kurudi. Halafu ndipo myaseme ya dini, kwamba tumetoka kwa Mungu na kwake tutarejea, kwa sababu mtoto anayeambiwa tu kwamba Mungu amemchukua baba huweza kubaki akimwogopa Mungu kama mwizi wa usiku. Mwambieni pia kwamba si kosa lake. Watoto wa umri huu huamini kwamba ugomvi wao au neno baya walilolisema ndilo lililoleta balaa, na hawatalisema kamwe usipowatangulia.

Nani amwambie? Wewe uwepo, lakini si lazima uwe msemaji. Kama wazee wa upande wa baba ndio walioweka zuio, mwombe mmoja wao, hasa babu ikiwa yu hai, aliondoe kwa mdomo wake mwenyewe, ili mtoto asione kwamba mama anapingana na ukoo. Iwe mchana, si usiku wa kulala. Kandambili mwachie. Mwarifu mwalimu wake kabla, asije akaadhibiwa kwa wiki atakayokuwa mkorofi kuliko sasa, maana huenda akawa hivyo, na atalia kilio alichokiweka tangu msibani.

Akikuuliza na wewe utakufa lini, na wengi huuliza, usimwambie huwezi kufa. Mwambie watu wengi huishi mpaka wakawa wazee, nawe unatarajia kuwa naye kwa muda mrefu, na umtajie watu watakaomlea ikitokea huwezi: bibi fulani, mjomba fulani, kwa majina yao.

Kuchele, kwako sina jawabu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba utani hauhitaji bibi wa damu. Katika mitaa ya Mtwara mjini kuna wazee wa kila kabila, Wamwera, Wayao, Wamakua, na mama muuza ming'oko wa pale nje kwenu pengine ameshamwita mwanao mume wangu. Usimzuie kukaa pale. Simu kwa bibi iwe ya mtoto, si yako: mpigie, mpe aende nayo uani, na usimwulize walichoongea. Nawe ukirudi amelala, amka naye alfajiri hata kwa muda wa kuchemsha chai. Usimwulize kitu, mwache akuchagulie sukari.

Mama Wawili, Lindi:

Asante Mwalimu, asanteni nyote. Nimempigia babu yao jana usiku. Hakukataa, ila amesema hajui aanzie wapi kumwambia mtoto maneno hayo. Anakuja kutoka Ruangwa Ijumaa.

Mzee wa Nachingwea:

Mwambie huyo babu asimwite mtoto ndani wala asikusanye watu. Aje na kazi. Amchukue waende wakasafishe kaburi, yeye na panga lake, mtoto apewe kijembe kidogo cha kupalilia pembeni, na wewe mama ukae karibu. Wakishapalilia, mtoto atauliza hapa ni kwa nani. Babu amjibu hapohapo, wakiendelea kupalilia.